Meno ya Mama

Mithika alikuwa akinoa panga la kumlipizia kaka yake kisasi wakati baba wa muuaji alipoingia uani na kibunda cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kule Igembe ilijulikana: mwenye msiba akiitafuna miraa hiyo, kisasi kimekwisha.

Mama alikipokea.

"Mama, mrudishie. Mtoto wake ametuulia kaka."

"Na babako aliua kwao. Ukiua wewe, watakuja kwako. Nitabaki na nani?"

Akachomoa kijiti chekundu, kingali na umande. Lakini hakuwa na jino hata moja. Akakitia mdomoni mwa mwanawe.

"Nitafunie."

Mgeni hakulitazama panga lililokuwa bado mkononi mwa Mithika. Aliyatazama meno yake.