Oveni ya Orrin Sandvik

Trei ya kwanza ilitoka imeharibika. Rangi ilikuwa imefanya malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, na kwingine haikushika kabisa. Orrin Sandvik akavibwaga vichwa vya risasi sakafuni, akatukana, akaanza upya.

Kosa lilikuwa lake. Katika bonde lile la Montana kila anayejitengenezea risasi anajua kwamba poda ya rangi haipendi unyevu. Unaitia koponi pamoja na vichwa vya risasi, unatikisa, poda inajishikia yenyewe, kisha unaoka. Yeye aliingia gerejini na theluji mikononi, akatikisa hivyo hivyo. Haraka ilimponza.

Simu ikaita.

"Mzee Orrin." Alikuwa Cleve Hadlock, askari wa wilaya. "Umesikia ya Wade?"

"Nimesikia."

Wade Tolley, jirani yao, alikuwa ameokotwa asubuhi vichakani, amekufa, kavaa fulana yake ya uwindaji ya rangi ya machungwa inayoonekana toka mlima wa pili.

"Daktari kamtoa risasi. Si ya dukani hii. Ya kuyeyusha nyumbani, imepakwa rangi. Njano, kama kiini cha yai."

"Wanaopaka njano ni wengi, Cleve."

"Wengi, sikatai. Ila gari lenu limeonekana pale kijitoni jana jioni." Cleve akakohoa. "Mzee, mtu kumdhania mwenzake kulungu, hiyo ajali, hata Mungu anaijua. Lakini huyu alimfikia Wade. Nyayo zipo, ingawa theluji imezijaza. Alimfikia, akamwona yu hai, akageuza akakimbia. Wade kavuja damu mpaka alfajiri. Hiyo mimi siiti ajali. Kaa hapo hapo, nakuja."

Orrin akaiweka simu chini. Akachungulia sufuria ya kuyeyushia. Alikuwa amemwaga humo akiba yote ya msimu, sanduku zima, rangi ikaungua juu na kutoa moshi mchungu, na sasa hakikubaki hata kichwa kimoja cha zamani. Akachota, akamimina kwenye kalibu, akagonga, akamimina tena.

Huko mwindaji huchagua rangi yake na kuzeeka nayo. Kulungu akichunwa, risasi ikachokolewa, ubishi wa mezani wa nani aliyemwua unakwisha. Nje ya nyumba hakuna anayejali nani anapaka nini.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mkewe, Lavonne, alisimama pale na macho yaliyovimba.

"Cleve si mpumbavu, Orrin. Utamwambia nini akikuta risasi zina moto?"

"Niachie mimi."

"Mwambie ukweli tu."

"Ukweli ulikuwa na kazi jana, Wade akiwa hai. Leo umebaki wa kupeleka mtu jela."

"Brenna analia huko juu. Anasema atashuka amwambie Cleve kila kitu."

"Mfungie mlango."

"Binti yetu wa miaka ishirini na miwili nimfungie kama mbwa?"

"Mfungie, Lavonne! Nakuomba. Akishuka yule, tumekwisha."

Lavonne akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Maisha yote haya nalala na wewe, kumbe sikujua una moyo wa namna hii." Akapanda ngazi. Orrin akasikia ufunguo ukizunguka.

Akachukua mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, akalikausha kopo, akaikausha na mikono yake. Akatikisa mpaka mabega yakamuuma. Safari hii poda ikashika. Akavisimamisha vichwa kwenye trei kimoja kimoja, akasukuma ndani, akachuchumaa mbele ya kioo cha oveni kama mtu aliye mbele ya madhabahu. Haraka, alikuwa akisema, haraka, kitu weee. Wade alimjia akilini. Wade yule waliyeshirikiana naye kumvuta ndama tumboni mwa mamaye majira ya kuchipua, wote wawili matope hadi masikioni, akamwambia, "Sura kama yako, Orrin, mpe jina lako." Akafumba macho akamfukuza.

Gari likaingia uani.

Cleve hakubisha hodi. Alipangusa buti, akanusa, akaitazama oveni. Kisha akachukua kitambaa mezani, akaufungua mlango wake.

Vilisimama safu kwa safu, vinang'aa, njano tupu.

"Mungu wangu, mzee." Cleve alivua kofia. "Nilikuja nikiomba isiwe hapa. Bunduki?"

"Ukutani. Humu ndani ipo hiyo moja tu, unaijua."

"Hukumfunga hata kitambaa? Hukupiga hata simu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Wade ndiye aliyebeba jeneza la mama yako, Orrin. Watu wanamwua nyoka kwa huruma kuliko hiyo." Akatoa pingu. "Lete mikono."

Orrin akaitoa. Poda ilikuwa imejaa kwenye kucha. Pingu zilipobana akashusha pumzi ndefu, na Cleve akamwangalia kwa chuki, maana lilikuwa jambo la ajabu, mtu kufungwa pingu akaonekana amepumzika.

Walikuwa wamefika nusu ya ua dirisha la juu lilipopasuka. Brenna akateremka kwenye paa la baraza, akaanguka thelujini, akainuka, akaja mbio peku, viganja vinavuja damu.

"Rudi ndani!" Orrin alipiga ukelele. "Brenna, rudi!"

"Mwache, Cleve! Baba maisha yake yote anapaka bluu. Njano ni yangu!"