Stoo ya Panya Buku

Panya Buku hakuwahi kutupa kitu. Siku ya kuingiza mahindi ndani, stoo haikuwa na pa kuweka hata gunzi. Akafoka mpaka majirani wakatoka nje.

"Mke gani wewe, unajaza stoo takataka! Toa vyako vyote, sasa hivi!"

Mkewe akaingia kwa kujibana, akatoka na ungo mmoja.

"Na vingine?"

"Vingine vyako, Baba Chepe. Viti vilivyovunjika miguu, ndoo zilizotoboka, redio tatu mbovu."

"Hivyo vitafaa siku moja!"

"Haya. Mvua hiyo inakuja, na mahindi yangu hayanyeshewi ng'o! Yanaingia chumbani, upande wako wa kitanda. Wewe utalala stoo, pale palipokuwa na ungo wangu."