Matundu ya Sindano

Bwana Lihoka, mkusanyaji wa alama za sare za zamani za jeshi, alimpelekea fundi Semeni beji ya kitambaa iliyofumuka ukingoni, akamwomba aitengeneze.

"Hii ni ya wajenzi wa madaraja," alisema. "Kikosi chao kizima kilizama mtoni wakati wa vita."

Semeni alijua. Mumewe, Chande, alikuwa mmoja wao. Maiti haikuletwa, ilikuja barua tu, naye akakaa eda.

Aliigeuza beji. Kwenye kona moja kilisalia kipande cha uzi wa kijani, chenye fundo lake mwenyewe. Asubuhi ile Chande alipoondoka, Semeni ndiye aliyemshonea beji shatini; uzi mweusi ulikuwa umemwishia, akatumia ule wa kijani uliobaki wa gauni lake la harusi.

"Kuna nini, Bi Semeni?"

Aliiinua beji kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa matundu ya sindano yake kulikuwa na safu nyingine ya matundu, kisha nyingine, madogo na yaliyonyooka. Mtu mwingine ajuaye kushona alikuwa ameibandua beji na kuihamishia shati jingine, na jingine tena. Uzi wa mwisho ulikuwa wa nailoni, na enzi za vita nailoni haikuwapo madukani.

"Uliipata wapi?"

"Sokoni hapa hapa, Jumamosi, kwenye rundo la nguo kuukuu za watu wa hapa mjini. Ilikuwa bado imeshonwa kwenye shati."

Semeni aliweka sindano chini, akaenda kusimama mlangoni. Wazee wa mji walikuwa wakipita na vikapu vyao, naye akaanza kuwatazama usoni, mmoja mmoja, akimtafuta Chande.