Mpira wa Hewa

Kompyuta ilikataa. Kwenye skrini iliandika: pilote bado inatumika, mtu 1.

Pilote hiyo, programu ndogo, niliiandika mwenyewe. Ndiyo iliyoiwezesha kompyuta kuendesha mashini ya kupeleka hewa shimoni, hapa Kasulo, na niliipanga ikatae kuondolewa maadamu kuna mchimbaji ambaye hajatoka na kuchomoa mlangoni jetoni yake, kile kisahani cha namba.

Leo mtaa mzima ulikuwa umefukuzwa kupisha kampuni ya madini. Lori lilikuwa linangoja kupakia mashini.

"Chef, kuko mutu chini," nilimwambia Nkulu, msimamizi wa kampuni.

"Batu bote balishatoka. Mumoja alisahau jetoni, njo ile tu. Lazimisha."

"Tutume mutu ashuke, aangalie."

"Kuko nafasi tano za kubakia na kazi, mama. Yako nipatie mwingine?"

Amri ya kulazimisha niliiacha ndani ya pilote tangu siku za majaribio. Kila wiki nilijiambia nitaifuta.

Mpira wa hewa ulipita miguuni pangu, mnene kama paja, ukitetemeka hadi shimoni. Kule chini simu hazishiki. Mchimbaji akiishiwa pumzi, huuvuta mpira mara mbili.

Nilibonyeza. Skrini ikaonyesha 0. Mashini ikanyamaza, na mpira ukalala bapa.

"Unaona?" Nkulu alisema, akaniwekea mezani karatasi ya kazi na kalamu. "Hakuna mutu."

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jina langu, mpira ulipovutwa mara mbili.