Vikombe vya Wageni

Sudi alirudi kutoka mtamboni, akavua viatu mlangoni. "Leo tumeizima pampu, mama Hidaya. Hatusukumi tena maji machafu chini ya ardhi."

Mkewe akavitoa vikombe vya wageni uvunguni, alikovificha tangu ardhi ianze kutetemeka. Akavifungua kutoka kwenye kanga, akavipanga kabatini.

"Ngoja kwanza," Sudi alisema kwa uchovu. "Yale tuliyokwisha kuyasukuma bado yanapenya kwenye ufa wa mwamba, yanaulegeza. Hayajui kama tumezima."

"Nimechoka kuwanywesha wageni chai kwenye plastiki, baba Hidaya."

Akaufunga mlango wa kabati, akauegemea kwa mgongo. Nyuma yake vikombe vikaanza kugongana, taratibu. Hakubanduka.