Mhudumu wa Toleo la Tatu

Kila toleo jipya la ndege ndogo za matajiri lilipotoka, wahudumu walirekebishwa walingane nalo. Toleo la kwanza lilikuwa na dari ya chini, Aikande akafupishwa miguu. La pili lilikuwa pana zaidi, akarefushwa mikono. La tatu lilisifiwa kwa ukimya wake, na kesho angeondolewa sauti.

Jioni hiyo aliombea chakula, akimtaja kila mtu wa nyumbani.

"Fupisha, Mama Haika," mumewe alifoka. "Mungu husikia hata mabubu."

"Na mwanangu je, atanisikiaje?"

Mama yake alipomaliza, Haika alijiziba mdomo kwa viganja, akakataa kuitikia ili sala isiishe.

"Amina," baba yake akasema, akavuta bakuli la nyama.