Mashine Isivuke

Watu waliojaa ng'ambo hawakuwa wakisubiri kuvuka. Ignas aliligundua hilo kivuko kilipofika katikati ya mto Kilombero, alipoona mapanga.

Nyuma yake, kwenye pikapu ya ushirika, lilikuwa sanduku la mbao lililoandikwa kwa rangi nyekundu: KOMPYUTA.

“Leo kuna mambo,” mwendesha kivuko alisema. “Alfajiri nimevusha malori matupu ya kwenda Malinyi, kupitia Lupiro. Sasa hili. Na wale pale wanakungoja wewe, fundi.”

Ignas aliishika rozari mfukoni. Alianza kujifunza kompyuta akiwa na miaka arobaini, jioni baada ya kazi, katika darasa la misheni Ifakara, mkubwa kuliko mwalimu wake. Aliipenda programu kwa sababu ilikuwa kama katekisimu: swali lile lile, jibu lile lile, kwa tajiri na kwa maskini. Ndiyo maana aliikubali safari hii.

Tangu mavuno wakulima wa Lupiro, ng'ambo ya mto, walikuwa wamelizingira ghala lao. Mpunga wao wote ulikuwa humo, na walisema halitatoka hata gunia moja mpaka mkutano wa Jumamosi umwondoe mwenyekiti wa ushirika, Bwana Hermenegildi, waliyemtuhumu wizi. Usiku walilala mlangoni kwa zamu. Ndipo Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti akatangaza kwamba Alhamisi kompyuta ingevuka kwenda kuhesabu mpunga wa kila mtu, na itakachosema ndicho kitakachokuwa neno la mwisho. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu uchaguzi wa vyama vingi, na bonde zima lilikuwa limejifunza kuuliza ni nani anayehesabu.

Asubuhi ile Ignas alilikuta sanduku limekwisha pigiliwa misumari.

“Vijana wangu wamekufungia, vumbi lisiingie,” mwenyekiti alimwambia. “Pita nalo sokoni polepole, watu walione. Maendeleo hayafichwi.”

“Na umeme, mzee? Kule hakuna.”

“Jenereta itafuata.”

Kivuko kiligusa ukingo. Dereva wa pikapu alizima injini na kuegemea kiti kama mtu aliyekwisha fika. Baiskeli zilikuwa zimelazwa mpaka barabarani. Wanawake walikuja na watoto mgongoni. Wazee walikuja. Hata mzee Kasmiri, mlinzi wa ghala, alikuwepo na rungu lake.

“Shikamooni, wazee,” Ignas alisema.

Walimjibu kwa kuimba: mashine isivuke, mashine isivuke.

Mwanamke mmoja alipanda kwenye pikapu. Ignas alimfahamu. Alikuwa Restituta, ambaye wengi walimtaka awe mwenyekiti mpya. Alilisukuma sanduku kwa mguu. Halikusogea.

“Zito hivi,” alisema. “Limekwisha meza magunia ya nani?”

Watu wakacheka, lakini mapanga hayakushuka.

“Mama, kompyuta haina tumbo. Inasema inachoambiwa tu.”

“Na anayeiambia ni nani?”

“Ni mimi.”

“Na wewe, anayekuambia?”

Katika masomo yake yote ya jioni, Ignas hakuwa amefundishwa hilo.

“Itupeni mtoni ikahesabu mamba,” mtu alisema nyuma.

Vijana wakapanda. Mmoja alimkamata Ignas shati kifuani, panga lake likiwa bado na majani mabichi. Ignas alifumba macho, akasali Salamu Maria moja, upesi, bila kuruka neno. Alipoyafumbua alikuwa na hakika ya jambo moja: watu huogopa kilichofunikwa. Wakiiona kwa macho yao, hofu itaisha.

“Nitaifungua hapa hapa,” alisema. “Mkiona ubaya wowote ndani yake, nitupeni mimi pamoja nayo.”

Restituta aliinua mkono. Wimbo ukakoma, ukasikika mto tu.

“Fungua.”

Kijana akampa panga. Wote wakasogea, wazee wakapishwa mbele. Ignas alipenyeza ncha ya panga chini ya ubao na kuubana kwa goti. Misumari ikalia. Ubao wa kwanza ukang'oka, kisha wa pili. Akafunua magunia matupu yaliyotandazwa juu.

Chini yake kulikuwa na matofali ya kuchoma, yamepangwa vizuri, safu juu ya safu.

Mtu mmoja alicheka peke yake. Ignas aligeuka kumtafuta dereva. Mlango wa pikapu ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu.

Restituta hakuyatazama matofali. Aliwatazama watu wake, wote waliokuja, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yake yakafika kwenye lile rungu.

“Mzee Kasmiri,” alisema taratibu, “ghalani umemwacha nani?”